Shimio hii ni ya kufanya nini? Kansa ya utumbo inapofika kwenye ini



Miaka michache iliyopita mmoja wa wazee wa kanisa letu hapa Mutoshi alirudi kutoka Lubumbashi na bahasha kubwa ya picha za skana. Jioni ile tuliketi nyumbani kwake: yeye, mke wake, wanawe wawili wakubwa, shemasi mmoja na mimi. Karatasi ya daktari iliandikwa kwa Kifaransa. Ilisema kansa ya utumbo mpana, na madoa manne katika ini. Mwana mkubwa aliisoma kimya, akaikunja, akasema, "Papa, waganga wanasema kuna dawa, utapona." Kisha akanitazama mimi. Nikaitikia kwa kichwa.

Karatasi haikusema hivyo, na mimi nilikuwa nimeisoma. Nilifikiri ninamtunza. Tangu siku ile nimeombwa ushauri na familia nyingine zenye ugonjwa huo huo, na kila mara nakuta watu watano wakijua jambo ambalo mgonjwa mwenyewe halijui. Ndiyo sababu naandika. Mimi si daktari. Niliyoyaweka hapa nilifundishwa na madaktari waliokubali maswali yangu mengi, na mengine nilifundishwa na makosa yangu mwenyewe.

Nianze na jina la ugonjwa, kwa sababu jina lilileta matata kabla ya dawa. Haikupita wiki, maneno yakazunguka mtaani: mzee ana ugonjwa wa ini, kumbe alikuwa anakunywa lutuku kwa siri. Niliyasikia katika chumba cha kwaya, kutoka kwa watu waliopokea meza ya Bwana mikononi mwake. Yalimwumiza mama mwenye nyumba kuliko skana yenyewe.

Kansa hii si ya ini. Ilizaliwa katika utumbo mpana. Damu inayotoka kwenye utumbo, ikibeba chakula kilichosagwa, hairudi moja kwa moja kwenye moyo. Hupita kwanza katika ini kwa mshipa mmoja mkubwa, ili ini lichuje na kupanga kile tulichokula. Wanaoosha madini hapa kwetu wataelewa upesi: chembe ikiponyoka juu, hunaswa kwenye kichujio cha kwanza kilicho chini yake. Chembe za kansa zikiponyoka kutoka utumbo na kuingia katika damu ile, kichujio cha kwanza ni ini. Hata katika nchi zenye vipimo vingi, karibu mgonjwa 1 kati ya 5 hugunduliwa wakati kansa ya utumbo imekwisha kuvuka hadi kiungo kingine, na mara nyingi kiungo hicho ni ini.

Ukichukua kipande cha doa lile la ini na kukitazama kwa hadubini, utaona chembe za utumbo. Ndiyo maana hutibiwa kwa dawa za kansa ya utumbo. Kansa ya ini yenyewe, ambayo katika Afrika mara nyingi hutokana na virusi vya hepatiti B, ni ugonjwa mwingine wenye dawa nyingine. Na pombe? Ni kweli kwamba pombe nyingi huongeza hatari ya kansa ya utumbo, kama vile tumbaku, uzito uliozidi, nyama nyekundu kila siku, umri, na kuwa na mzazi au ndugu aliyeipata. Lakini watu ambao hawajagusa pombe maishani huipata vilevile, na mzee wetu alikuwa mmoja wao. Wengine husema ni vumbi la mgodi. Vumbi la mgodi lina mashtaka yake mengi, na siku moja nitayaandika, ila tusilitwike kila jeneza la Kolwezi.

Kwa karibu mwaka mzima alikuwa akiona damu chooni. Alipewa dawa za amiba, kisha za bawasiri, kisha za amiba tena. Hakutuambia. Mzee wa kanisa atasimamaje kusema habari za choo chake? Nawaomba wachungaji wenzangu mseme jambo hili hata kwenye mimbari: damu katika choo inayorudi wiki baada ya wiki, choo kilichobadilika ghafula kwa mtu mzima, kukonda na kuishiwa damu bila sababu, hayo ni mambo ya kupeleka hospitali na kuomba utumbo uchunguzwe kwa ndani. Kansa hii ikikamatwa kabla haijatoka kwenye utumbo, upasuaji peke yake huponya wengi.

Yetu ilikuwa imetoka. Kwa hiyo tukaanza kusikia neno shimio.

Watu hulitamka kwa sauti ya chini kama jina la mchawi. Shimio ni jina la dawa nyingi tofauti, zenye kazi moja ya kushambulia chembe zinazogawanyika upesi. Kwa kansa ya utumbo, dawa ya msingi ni fluorourasili, iliyotengenezwa Marekani mwaka 1957. Inafanana na kipande kimoja ambacho chembe hutumia kujijenga. Chembe ya kansa, kwa pupa yake, inakimeza kipande hicho bandia, na kazi yake ya kujigawa inakwama. Huchanganywa na vitamini iitwayo asidi foliniki, inayoifanya ikamate kwa nguvu zaidi. Siku hizi huongezwa dawa ya pili. Mojawapo ni oksaliplatini, ambayo ndani yake mna platini, madini kama yale mengine tunayoyajua huku. Hujifunga kwenye nyuzi za uzazi za chembe na kuzifanya zisifunguke. Nyingine ni irinotekani, iliyotokana na mti wa China. Hili nalisema kwa ajili ya ndugu wanaouliza kwa nini tusitumie majani badala ya sumu za Wazungu. Hata hii ilianza kuwa mti, ila imepimwa: inajulikana ni miligramu ngapi kwa mwili wa ukubwa gani, na kiasi gani kinaua. Majani ya sokoni hayana kipimo hicho, na mengine hulichosha ini ambalo tayari linabeba kansa na shimio pamoja. Usimpe mgonjwa wa shimio mchanganyiko wowote kabla daktari wake hajajua.

Kwa wengine, dawa hizi hutolewa kila baada ya siku 14, na fluorourasili huingia polepole kwa muda wa saa 46 kupitia pampu ndogo ambayo mgonjwa anaweza kwenda nayo nyumbani. Kwa wengine, na mzee wetu alikuwa hivyo, fluorourasili hubadilishwa na vidonge vya kapesitabini: oksaliplatini kwa mshipa siku ya kwanza, vidonge asubuhi na jioni kwa siku 14, kisha siku 7 za kupumzika, halafu mzunguko unaanza tena. Njia hii ilimfaa kwa sababu ya barabara. Kutoka Kolwezi hadi Lubumbashi ni karibu kilomita 300, kisha Kasumbalesa na foleni zake, kisha Zambia hadi Lusaka. Hospitali ya kansa ya Lusaka ilifunguliwa mwaka 2007, na kwa sisi wa Lualaba ni karibu kuliko Kinshasa kwa mtu asiye na pesa ya ndege. Ninyi wa Goma na Bukavu mna Butaro, kaskazini mwa Rwanda, iliyofunguliwa mwaka 2012. Walio Ituri na Beni hutazama Kampala, kwenye Taasisi ya Kansa ya Uganda iliyoko Mulago tangu mwaka 1967, na walio Kalemie na Uvira wengine huvuka ziwa kwenda Dar es Salaam, hospitali ya Ocean Road.

Sasa niseme juu ya makosa mawili.

La kwanza lilikuwa la kufunga. Mwezi wa pili wa matibabu kanisa lilikuwa katika siku tatu za maombi makavu, bila chakula wala maji, na mimi ndiye niliyezitangaza. Mzee alifunga. Nilimwona, nikafurahi kwa imani yake. Ilikuwa kama siku ya tisa tangu apate dawa ya mshipa. Usiku wa siku ya pili akaanza kutetemeka kwa homa. Mwanawe akakimbia famasi akanunua dawa za malaria, mimi nikaitwa, tukaomba mpaka alfajiri. Kulipopambazuka hakuweza kusimama. Hospitalini walipima damu wakakuta chembe nyeupe, zile zinazopigana na magonjwa, karibu zimekwisha. Daktari wa zamu, kijana mdogo, aliuliza homa imeanza saa ngapi. Tulipomjibu hakutugombeza, alitutazama tu, kisha akaamuru antibiotiki za mshipa.

Mambo yalivyo ni haya. Shimio haina macho. Inapiga kila chembe inayogawanyika upesi: za kansa, lakini pia za kinywa, za utumbo, na za uboho wa mifupa ambako damu hutengenezwa. Kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dawa, chembe nyeupe hushuka chini kabisa. Wakati huo bakteria ndogo tu inaweza kuua mtu kwa siku moja. Kwa mgonjwa wa shimio, homa ya nyuzi 38 ni safari ya hospitali saa ile ile, hata saa nane za usiku, na kusema mlangoni: "Huyu yuko kwenye shimio." Malaria ipimwe, ndiyo, kwa sababu sisi tuko mahali pa malaria, lakini isiwe sababu ya kungoja. Nunua kipimajoto. Kanisa likinunulia kila mgonjwa wa namna hii kipimajoto kimoja, limefanya huduma kubwa kuliko vikapu vyetu vya matunda.

Na asifunge. Mwili unaopigwa hivi unahitaji maji na chakula safi, kilichopikwa vizuri. Akiharisha mara nyingi kwa siku, jambo ambalo irinotekani na kapesitabini huleta sana, anaweza kukauka na kuharibu figo. Asimeze vidonge vinavyofuata kabla ya kuongea na daktari. Oksaliplatini ina jambo lake la ajabu: baridi inauma kama umeme. Mzee alianza mizunguko yake wakati wa asubuhi zetu za mwezi wa sita. Alishika kikombe cha maji ya mtungi akakiangusha, na kooni alihisi kama mtu anamkaba. Mke wake akawa anampashia maji kila mara na kumvalisha soksi mikononi. Baadaye ganzi ya vidole hubaki, kwa wengine kwa muda mrefu. Alishindwa kufunga vifungo vya shati na kugeuza kurasa za Biblia yake. Mjukuu ndiye aliyemgeuzia.

Kosa la pili ni lile nililoanza nalo, na ndilo kubwa.

Shimio kwa kansa ya utumbo iliyofika kwenye ini inaweza kutolewa kwa makusudi tofauti, na dawa zenyewe zikiwa zile zile. Mgonjwa aliye kitanda cha kulia na aliye kitanda cha kushoto wanaweza kuning'iniziwa chupa moja, mmoja akienda kupona na mwingine akiongezewa siku.

Kusudi la kwanza ni kuyapunguza madoa ili mpasuaji aweze kuyaondoa. Ini ni kiungo cha ajabu: likiwa na afya, mpasuaji anaweza kukata zaidi ya nusu yake, na kile kilichobaki kitakua tena katika muda wa wiki hadi miezi. Zamani wagonjwa wengi waliambiwa madoa ni makubwa mno au yamekaa vibaya, basi mambo yamekwisha. Mwaka 1996 wapasuaji wa Villejuif, karibu na Paris, walitoa habari za wagonjwa 330 waliokuwa wameambiwa hivyo. Waliwapa shimio kwanza. Kwa 53 kati yao madoa yalipungua hata wakapasuliwa, na karibu 4 katika kila 10 wa hao 53 walikuwa hai baada ya miaka mitano. Kwa hiyo neno "imefika kwenye ini" halifungi mlango kila mara. Kuna swali ambalo familia inapaswa kuuliza bila aibu: je, picha zimetazamwa na mpasuaji wa ini? Na litaulizwa tena baada ya miezi miwili au mitatu ya dawa, skana ya pili ikifanyika. Kansa ikiwa imekwisha kuondolewa, shimio inaweza pia kutolewa kufagia mabaki.

Kusudi lingine ni kuongeza muda na kupunguza maumivu, pale ambapo upasuaji hauwezekani. Bila matibabu, wengi wenye kansa ya utumbo iliyosambaa huishi miezi, mara nyingi chini ya mwaka. Kwa shimio ya dawa mbili au tatu, katika majaribio ya nchi tajiri, nusu ya wagonjwa wameishi karibu miaka miwili au kuvuka hapo. Hiyo si kupona. Wala si kitu kidogo. Miaka miwili mtoto anamaliza shule, deni linalipwa, ndugu wawili wanapatana.

Pesa haibadili kusudi hili. Wazee wetu wanamkumbuka Pelé, aliyecheza Kinshasa na Santos mwaka 1969. Mnamo Septemba 2021 aliondolewa uvimbe wa utumbo mpana huko São Paulo, mwaka uliofuata magazeti yakasema kansa imefika kwenye ini na pafu, alipata shimio katika hospitali bora ya nchi yake, na tarehe 29 Desemba 2022 akafariki. Na karibu nasi, mbunge wa Kibra mjini Nairobi, Ken Okoth, alitibiwa Paris. Mwaka 2019 aliwaambia wananchi wake waziwazi kwamba kansa yake ya utumbo imefika hatua ya nne, ambayo madaktari wanaweza kuituliza lakini si kuiponya. Alifariki Julai 2019 akiwa na miaka 41. Nilisoma habari zake nikaona aibu. Mwanasiasa aliweza kuwaambia watu maelfu kile ambacho mimi mchungaji sikuweza kumwambia mzee mmoja.

Kwetu kuna watakaosema kwamba kutaja kifo ni kukosa imani. Someni tena habari za Hezekia, 2 Wafalme 20. Nabii hakumficha. Alimwambia atengeneze mambo ya nyumba yake, kwa maana atakufa. Ni baada ya kuambiwa ukweli ndipo Hezekia aligeukia ukuta akalia na kuomba, na akaongezewa miaka 15. Alijua vizuri alichokuwa anakiomba. Na nabii yule yule aliagiza kipande cha tini kiwekwe juu ya jipu. Ukweli, maombi na dawa viliingia katika chumba kimoja, na kile Hezekia alichopewa kilikuwa miaka yenye hesabu. Sisi tulimnyang'anya mzee wetu nafasi ya kugeukia ukuta.

Skana ya pili ilionyesha madoa yamepungua, mawili hayakuonekana tena. Lakini moja lilikaa kwenye mishipa mikubwa ya ini, na wapasuaji wakasema haliwezekani. Dawa ziendelee, walisema, maadamu zinamsaidia. Familia ilikuwa imekwisha kupata mnunuzi wa parseli yake, ile aliyoinunua alipokuwa dereva, ili kulipia mizunguko mingine. Karatasi za kuuza ndizo zilizotuumbua, kwa sababu zilihitaji sahihi yake.

Aliniita peke yangu. Akauliza, "Pasta, hii shimio ni ya kuponyesha ao ni ya kuongeza siku?"

Nikamwambia ni ya kuongeza siku. Nikamwambia pia kwamba nilijua tangu jioni ile ya kwanza kwamba karatasi haikuahidi kupona.

Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Miezi mitano nimekuwa naomba ombi lisilo langu." Hakuniambia nitoke. Aliniomba nimwite mke wake.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa utaratibu wake. Alikataa kuuza parseli. Alikubali mizunguko mingine minne, iliyolipwa na sadaka za makanisa matatu, kwa sharti kwamba ganzi ikizidi oksaliplatini itaachwa, na daktari alikubali. Alikwenda Likasi kupatana na ndugu yake mdogo, hawakuwa wamesemezana tangu msiba wa mama yao. Dawa zilipoacha kufanya kazi aliamua mwenyewe kusimama, na hakuna aliyemwita mtu wa imani haba, maana nilisema jambo hilo kanisani kabla hajaniomba. Maumivu yalipokuja alipewa morfini. Baadhi ya ndugu walinong'ona kwamba ni dawa ya kulevya. Morfini ya kunywa, ikipimwa na daktari, ni dawa ya maumivu ya kansa. Wenzetu wa Hospisi Afrika Uganda wamekuwa wakiitengeneza na kuwapelekea wagonjwa majumbani tangu miaka ya 1990. Daktari wenu akisema haipo, ulizeni tena, na mwulize ngazi ya juu, kwa sababu mtu asiyeweza kulala kwa maumivu hawezi hata kuomba.

Aliishi miezi 19 tangu skana ya kwanza. Parseli iko bado, kwa jina la mke wake, na mwaka huu amepanda mahindi na lengalenga.